Magimbi ya Maua

Mwaka jana nilialikwa harusi Morogoro. Sherehe ilipokwisha na watu wakaanza kutafuta viatu na watoto wao, dada mmoja wa mapambo alipita na ndoo ya maji ya maua akaimwaga nje ya mlango, karibu kabisa na miguu yangu. Yalikuwa maji yaliyokaa na mabua siku kadhaa, yenye harufu nzito ya tope na ya samaki wa jana. Wenzangu waliziba pua wakasogea. Mimi nilibaki nimesimama, maana harufu ile ilikuwa imeshanichukua na kunipeleka jikoni kwa bibi yangu, juu milimani Lushoto, moshi wa kuni mbichi ukinichoma macho na ukungu ukiingia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi.

Kama hujawahi kuliona ua ninalolisema, fikiria karatasi nyeupe iliyokunjwa kama ile ya kufungia karanga, na katikati yake kijiti cha manjano. Waliokuja kuyanunua waliyaita kala. Bibi aliyaita magimbi ya maua, na hakukosea, kwa sababu majani yake yanafanana na ya magimbi, na chini ya udongo yana viazi ambavyo ukivimenya huwezi kuvitofautisha kwa haraka na magimbi machanga. Ni ndugu, alisema Bibi, ila mmoja ameolewa jikoni na mwingine amebaki kujipamba.

Bibi alikuwa mama yake baba yangu. Tuliishi naye kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyokaa ubavuni mwa mlima, mimi, mama yangu na mdogo wangu Zubeda, ambaye wote tulimwita Zube. Baba alifanya kazi Tanga mjini, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na pengine hata mwisho wa mwezi haji. Chini ya nyumba kulikuwa na bonde lenye kijito. Upande mmoja wa kijito tulipanda magimbi ya kula, upande wa pili maua meupe, ambayo hayakuhitaji kubembelezwa. Ukiyapa tope yanajiendea yenyewe. Ya rangi, ya njano na ya zambarau iliyokolea, Bibi aliyaweka kwenye matuta karibu na mlango, kwa kuwa hayo yalikuwa yanadeka. Maji yakituama kidogo tu, yanaoza.

Mbegu ya kwanza aliipata ujanani alipokuwa akilima bustani ya masista wa Kikatoliki. Tangu hapo alikuwa ameyasambaza karibu kijiji kizima. Mtu akioa, maua yalitoka kwetu. Waluteri wa kanisa la juu walikuja kuyachukua kila Pasaka, na Bibi, aliyekuwa hakosi swala, aliwachagulia yaliyonyooka zaidi. "Ua halina dini," alisema. "Lina shingo tu. Lipe maji shingo isilegee."

Alikuwa na masharti mengi. Ua halikatwi kwa kisu. Unalishika bua chini kabisa, unazungusha kidogo, unavuta, nalo linatoka na sauti kama ya busu. Kiazi kinapandwa jicho likitazama juu. Mbolea ya ng'ombe iwe imepoa hadi isiwe na harufu. Na majani ya yale ya rangi yakianza kuwa manjano, marufuku kumwagilia. "Yanataka kulala. Nani anammwagia maji mtu aliyelala?" Hapo tuliyachimba, tukayakung'uta udongo bila kuyaosha, tukayalaza kwenye kapu lenye vumbi la mbao, na kapu likapandishwa darini jikoni yakangojee mvua za vuli. Kila baada ya muda Bibi alilishusha kapu na kuyabinya moja moja kwa vidole. Akikuta limelainika alilikata mpaka afike penye nyama nyeupe, akapaka majivu penye kidonda. Harufu ya lile lililooza ndiyo niliyokutana nayo Morogoro.

Na sharti lililozidi yote lilihusu mdomo. Tulilijua kabla ya kujua kusoma. Gimbi la kula likikuwasha, alisema Bibi, limekuonya tu, liongezee moto. Hili la maua halionyi mtu.

Mama aliingia nyumba ile akiwa mke mchanga kutoka Bungu, na kitu cha kwanza alichofundishwa na mama mkwe wake kilikuwa hicho. Alinisimulia kwamba siku ya kwanza alivuta ua likakatikia katikati, akaogopa kusemwa. Bibi akalichukua lile ua fupi, akampachika sikioni. Basi nilikua nikiwaona wawili hao wakiwa wameinama kwenye matuta, kanga zao zimekazwa kiunoni, wakiongea Kishambaa cha haraka ambacho sisi watoto tulikishika nusu. Sijui kama niliwahi kuwaona mkwe na mama mkwe waliopatana namna ile.

Kisha Bibi akaanza kupotea. Nasema kupotea kwa sababu sina neno jingine, na wakati ule hatukuwa na neno lolote. Mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote kwa ubishi, akidai ndivyo ilivyokuwa ikinywewa zamani. Aliniita Mwanahawa, jina la shangazi yangu aliyefariki kabla sijazaliwa, na nilipomkumbusha kwamba mimi ni Rehema alinijibu kwamba hata Rehema ni jina zuri. Alikwenda zizini kumkamua ng'ombe tuliyekwisha kumuuza. Mama alimfuata taratibu, akamshika mkono, akamwambia, "Leo amekwisha kukamuliwa, mama. Twende ndani kuna baridi." Watu wazima walisema ni uzee. Nami niliamini uzee ni kama mafua, unakaa nao unapita.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Lushoto mjini. Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, ule msimu wa kipupwe ambapo jua huku kwetu huonekana kama taa nyuma ya shuka. Mama alitoka alfajiri na pikapu ya jirani, pamoja na kabichi zake. Alituacha mimi, Zube na Bibi.

Bibi aliamka na furaha. Alitangaza kwamba leo atatupikia magimbi kwa nazi, akanituma kijitoni kuchota maji. Niliporudi, sufuria ilikuwa jikoni imefunikwa kwa jani la mgomba, na maganda amekwisha kuyatupa kwa kuku. Zube alikuwa amekaa kwenye kibao karibu naye, amevaa sweta langu la zamani lililomfika magotini, akingoja. Umri wake ulikuwa ule ambao mtoto anauliza "Tayari?" kabla maji hayajachemka. Alimsumbua Bibi mpaka Bibi akafunua, akachoma kipande kwa kijiti, akakipuliza kwa mapenzi yote, akamlisha.

Kingine alinipa mimi. Kilikuwa bado kigumu.

Nilitafuna mara moja. Sikusikia ladha. Nilisikia kama mtu amenijaza mdomoni sindano za kushonea na kuzisukuma zote kwa pamoja. Nikatema. Nikageuka nikamwona Zube amefungua mdomo kulia, na kilio kikatoka, kikawa kikubwa, kisha kikawa kidogo, kisha mdomo ukabaki wazi na sauti haipo. Mate yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye sweta. Ulimi wake ulikuwa unakua mbele ya macho yangu.

"Mbona mnalia?" aliuliza Bibi.

"Bibi, yanachoma."

"Magimbi haya bado tu. Yanataka moto." Naye, ili atutoe wasiwasi, akachukua kipande akakitia mdomoni mwake. Akatafuna. Macho yakamjaa machozi, mashavu yakamtetemeka, na bado akaendelea kutafuna akinitazama, akitikisa kichwa kama anayesema, mnaona, ni chakula. Akameza.

Hapo ndipo nilipoinua macho darini. Kapu lilikuwa limelazwa ubavu, na vumbi la mbao limemwagika kwenye kingo za ubao.

Sikujua la kufanya. Nilimpa Zube maziwa yaliyokuwa kwenye kibuyu, yakatoka puani. Nilimwita Bibi, nikitaka yule Bibi mwingine, yule anayejua, atokee ndani ya huyu na aniambie dawa yake ni nini. Alikuwa akichochea kuni. Nikamfunga Zube mgongoni kwa kanga, nikapanda njia ya kwenda barabarani, ambako pikapu ya soko hushushia watu. Nilisikia pumzi yake sikioni, inakwaruza kama msumeno kwenye ubao mbichi. Hakuna mtu niliyekutana naye njiani. Barabarani napo hapakuwa na mtu. Nilisimama pale kwenye ukungu nikisikiliza gari, na kila nilipodhani nimelisikia ilikuwa ni upepo kwenye mikaratusi. Nilimsomea sura zote nilizofundishwa madrasa, zikaisha, nikaanza upya, na ulimi wangu mwenyewe ulikuwa mzito hata maneno ya Mungu yalitoka yamepinda.

Pikapu ilikuja. Mama alikuwa nyuma, amekaa juu ya magunia matupu. Alituona kabla gari halijasimama akaruka.

"Bibi amepika ya darini," nilimwambia.

Alielewa papo hapo. Alimchukua Zube, akamtazama mdomoni, kisha akamgeukia jirani yetu dereva aliyekuwa ameshatoa kichwa dirishani. "Mtoto kala ua," alisema. "Tafadhali geuza gari, tupeleke zahanati."

Pale zahanati nesi alimkalisha Zube wima, akamchoma sindano, akamnyunyizia maji baridi mdomoni kidogo kidogo. Nami akanipa maziwa. Aliandaa kila kitu kwa utulivu, lakini macho yake hayakutoka kwenye koo la mtoto, na aliniogopesha kwa jinsi alivyokuwa hasemi. Mama alisimama ameshika mguu wa Zube, mguu tu, kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa mikononi mwa nesi.

"Nani alimpa?" nesi aliuliza baadaye, pumzi ilipoanza kulainika.

"Kajichimbia mwenyewe bustanini," Mama alijibu. "Unajua watoto."

"Na huyu mkubwa?"

"Alionja aone mdogo wake kala nini."

Nilimtazama Mama. Mkono wake ulikuja begani kwangu ukakaa pale, haunibinyi wala haunipapasi, umekaa tu.

Tulirudi jioni. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, midomo imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, na nyuma yake ameandaa sahani zetu mkekani, kila moja na magimbi yake, zimefunikwa. "Mmechelewa," alisema kwa shida. "Chakula kimepoa." Mama alimpa maziwa ayanywe taratibu, akaenda kuchimba shimo nyuma ya nyumba, akayafukia yote pamoja na sufuria.

Zube alipona. Sauti yake ilirudi inakwaruza, na kwa muda tulimtania kwamba anaongea kama mzee wa baraza. Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo.

Asubuhi yake Mama alichukua jembe akaanza na matuta ya mlangoni, ambako vilikuwa vimebaki viazi vichache vya rangi. Kisha akashuka bondeni kwenye meupe. Aling'oa siku hiyo na siku zilizofuata, akiwa kwenye tope hadi magotini, na alivyoving'oa akavichoma moto. Mimea ile haifi kirahisi. Kipande cha mzizi chenye ukubwa wa kucha kikibaki, kinatoa jani. Mama alishuka tena na tena. Nilimwona mara moja amesimama na ua mkononi, alilolivuta vizuri bila kukatika, amelitazama muda mrefu. Kisha akalitupa kwenye lundo.

Bibi hakukumbuka magimbi. Hakukumbuka kilio cha Zube, wala midomo yake mwenyewe. Alichokumbuka ni maua. Kila asubuhi alitoka nje, akasimama mbele ya matuta matupu, akauliza, "Nani kaniibia maua yangu?"

"Nimeyang'oa mimi, mama," Mama alimjibu.

"Kwa nini?"

"Yaliingia ugonjwa."

Bibi alilia. Kesho yake alitoka tena, akauliza tena, akalia upya, kama mtu anayepewa habari ya msiba kila kunapokucha. Mimi nilikuwa nikijificha nyuma ya nyumba nisione. Baada ya muda akaacha kulia, akaanza kukasirika. Alijifunga kanga akaenda nyumba kwa nyumba. Aliwaambia majirani kwamba mke wa mwanawe amemng'olea maua aliyoyapanda tangu ujana, kwamba anamzuia asiingie jikoni mwake mwenyewe, kwamba anamngoja afe. Na majirani waliona matuta matupu. Waliona pia kwamba jikoni sasa kulikuwa na kufuli.

Maneno yakaanza. Kisimani wanawake walinyamaza Mama alipofika. Waluteri walipokuja Pasaka iliyofuata wakakuta hakuna ua hata moja, mzee wao mmoja alimwambia Mama, kwa upole uliouma kuliko tusi, "Mwanangu, mzee hanyang'anywi kitu chake cha mwisho." Mama alijibu, "Nimekusikia, baba." Nilikuwa nimesimama pembeni na kila neno la ukweli limejaa mdomoni mwangu. Mama alinitazama kwa jicho moja tu nikayameza.

Hata Baba alipokuja alikuwa ameshayasikia barabarani. Aliingia bila kuvua viatu. Mama hakumjibu ndani. Alimwomba watoke, wakaenda mpaka katikati ya shamba la kabichi, mahali ambapo hakuna anayeweza kusikia. Niliwaona kwa mbali. Mama alikuwa akiongea, ametazama chini. Nikamwona Baba anakaa. Alikaa kwenye udongo wenye maji, na suruali yake ya mjini, akashika kichwa. Mama aliendelea kusimama karibu naye. Walipanda nyumbani, na tangu siku hiyo Baba hakumuuliza tena neno, lakini pia hakwenda kwa majirani kusema lolote. Hilo lilinishinda kulielewa. Nilimwona Baba mwoga. Na Mama, Mungu anisamehe, nilimwona mjinga.

Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akizidi kwenda mbali. Mwishoni hakuuliza tena habari za maua. Mama alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimbeba akamtoa juani. Siku ya msiba alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na mmoja wa wazee akasema, si kwa sauti ya chini, "Leo marehemu amepumzika na mateso ya mkwe." Mama alikuwa ameshika birika. Maji hayakukatika. Aliendelea kuyamimina polepole, kama nilivyomwona akimimina siku zote, kuanzia upande wa kulia.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na bado nilikuwa nimebana midomo yangu.

Nilikuja kumuuliza Mama nikiwa na mtoto wangu mwenyewe, nimekwenda nyumbani kumwonyesha bibi yake. Tulikuwa tumekaa nje tunamenya karoti. Nikamwambia kwamba mpaka leo kijijini wanamsimulia kama mkwe mbaya, na kwamba neno moja tu la zahanati lingetosha kuwanyamazisha.

Mama hakuacha kumenya. "Neno gani?" aliuliza. "Kwamba bibi kizee amempikia mjukuu wake kitu, mtoto akavimba ulimi?"

Niliweka kisu chini.

"Mwaka ule ule," alisema, "kijiji cha ng'ambo kulikuwa na mama mmoja mzee. Mtoto wa jirani aliumwa baada ya kula kwake. Aliumwa homa tu, mwanangu, homa za kawaida. Hawakuuliza. Walimwita mchawi, wakamtoa ndani ya nyumba yake, wakaichoma. Nyie watoto tuliwaficha habari hiyo. Sasa mimi niende kisimani niseme mama yetu kafanya nini?"

Wakati ule nilipomwona mjinga, sikuwa mtoto wa kushindwa kuelewa mambo. Nilijua ugonjwa wa Bibi, nilijua sumu ya viazi vile, niliujua ukweli wote. Kitu nisichokijua ni watu. Nilidhani ukweli ukitoka nje unafika kama ulivyotoka. Mama alikuwa ameshajua kwamba hawezi kumrudishia Bibi akili yake, hawezi kumlinda asiingie darini siku nyingine, wala hawezi kuyafanya maua yale yawe magimbi. Vyote vilimshinda. Akatafuta kilichobaki ambacho mikono yake ingeweza, akakishika mpaka mwisho, na mimi nikiwa nimesimama karibu nikimwonea aibu.

"Lakini wamekusema miaka yote hiyo, Mama," nilimwambia.

Aliitupa karoti kwenye beseni, akachukua nyingine.

"Wakinisema mimi nina miguu," alisema. "Natoka, naenda zangu shamba. Yeye angekwenda wapi?"